Blanketi kwenye dirisha la machweo

Nilipoirudia nyumba ile, miezi minane baada ya wenyewe kuhamia, kitu cha kwanza nilichokiona ni blanketi. Blanketi zito la kijivu, limebanwa kwenye fimbo ya pazia kwa vibanio vya nguo, limeziba nusu ya dirisha kubwa ambalo nililionea fahari kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Nusu ya pili ilikuwa imezibwa kwa maboksi yaliyofunguliwa na kubandikwa kwa gundi ya utepe. Saa tisa na nusu alasiri sebule ilikuwa giza, taa inawaka.

Mwenye nyumba hakunilaumu. Alinikaribisha vizuri, kisha akaniambia kwa upole, "Msanifu, nyumba ni nzuri, tunashukuru. Ila jioni hatukai humu." Akanipeleka nyuma, upande wa mashariki, kwenye kijia cha zege kati ya jiko na tangi la maji. Hapo ndipo walipopanga viti. Familia ya watu watano wenye sebule ya mita za mraba 35 ilikuwa inapumzikia kwenye kijia cha upana wa mita moja na nusu, kwa sababu ndipo penye kivuli.

Dirisha lile lilikuwa na upana wa mita 5 na kimo cha mita 2.4, kioo kitupu, likitazama magharibi moja kwa moja. Niliweka kioo huko kwa kuwa ndiko kulikokuwa na mandhari: bonde, miti, na vilima vinavyobadilika rangi jua likizama. Kabla ya kuchora nilifika kiwanjani mara moja tu, saa nne asubuhi. Nikapiga picha, nikapima mipaka, nikaondoka. Saa nne asubuhi jua liko mashariki. Sikuwahi kukaa pale hadi saa kumi.

Hesabu yake si ngumu, na naiandika hapa kwa sababu natamani mtu angenikalisha chini anifundishe mapema. Chukua mahali palipo kwenye mstari wa ikweta, siku ambayo usiku na mchana vinalingana. Jua linachomoza saa kumi na mbili, linafika utosini saa sita, na kila saa linasogea nyuzi 15. Saa kumi alasiri limebakiwa na nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho. Jua la utosini unalizuia kwa upenu mfupi, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Jua la nyuzi 30 linapita chini ya upenu huo bila shida. Ili kulitia kivulini dirisha la kimo cha mita 1.5 saa hiyo, paa linatakiwa litokeze mita 2.6. Saa kumi na moja, jua likiwa nyuzi 15, utahitaji mita 5.6. Hakuna anayejenga upenu wa namna hiyo.

Ukienda mbali na ikweta hesabu inabadilika, tena kwa namna ya kupendeza. Kwenye latitudo ya nyuzi 40 kaskazini, jua la adhuhuri katikati ya kiangazi linapanda hadi nyuzi 73 hivi, na katikati ya majira ya baridi linashuka hadi nyuzi 27 hivi. Upenu wa sentimita 60 juu ya dirisha la kusini unatupa kivuli cha mita 2 wakati wa joto, na cha sentimita 30 tu wakati wa baridi. Paa lile lile, bila mota wala swichi, linalikataa jua linapochoma na kulipokea linapohitajika. Kusini mwa ikweta mambo ni hayo hayo, ila dirisha linageukia kaskazini. Lakini mashariki na magharibi hazina huruma popote duniani, maana huko jua huja likiwa chini.

Alasiri kama ile, kioo kinachotazama magharibi kinaweza kupokea wati 500 na zaidi kwa kila mita moja ya mraba. Mimi niliweka mita za mraba 12. Ni kama niliwasha hita sita za umeme za wati 1,000 mbele ya dirisha lao kila siku. Na blanketi halikuwasaidia sana kwa kuwa lilikuwa ndani. Miale ilikuwa imekwisha kuvuka kioo, ikageuka joto kwenye blanketi lenyewe, na joto likishakuwa ndani kioo hakilitoi kirahisi. Kivuli chenye maana ni kinachosimama nje ya kioo.

Tulirekebisha. Theluthi mbili ya kioo ikawa ukuta, na mbele ya theluthi iliyobaki tukaweka luva za mbao, yaani vibao vya mshazari vinavyozuia jua na kupitisha hewa, upande wa nje. Mimi nilichora na kusimamia bila malipo, yeye akanunua vifaa. Mpaka leo naona nilipaswa kubeba zaidi ya hapo.

Watu wengi wanaokuja kwangu huja na picha kwenye simu. Siwabezi. Mtu aliyeweka akiba miaka kumi ana haki ya kuota, na picha ndiyo lugha aliyo nayo ya kuisema ndoto yake. Tatizo ni kwamba picha haina saa wala joto. Humwoni mtu akifunga macho kwa mng'ao, husikii maji yanapopita chini ya msingi, hujui upande gani ni kaskazini. Nyumba iliyo kwenye picha ilijengwa mahali fulani, chini ya jua fulani, na aliyeichora pengine aliifikiria vizuri kwa mahali pale. Ukiihamisha jinsi ilivyo, unahamisha majibu ya maswali ya kiwanja kingine.

Sanduku jeupe lenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta ndilo linaloombwa mno siku hizi. Upenu umeondoka kabisa. Wanaita hiyo ndiyo nyumba ya kisasa. Mimi nina neno na matumizi hayo ya "kisasa". Tuna dira kwenye kila simu, tuna programu inayoonyesha jua litakuwa wapi saa yoyote ya siku yoyote ya mwaka, tuna vipimo vya mvua vya miaka mingi. Kujenga leo huku umevipuuza vyote hivyo, kisha ukaziba joto kwa mashine ya umeme inayonguruma mchana kutwa, naona ni kurudi nyuma, hata kama ukuta umepakwa rangi ya mwaka huu.

Nyumba inayotajwa mno likizungumzwa jambo hili la nyumba kufuata mahali pake ni Fallingwater, kazi ya msanifu Frank Lloyd Wright huko Pennsylvania, Marekani, iliyosanifiwa mwaka 1935 kwa ajili ya familia ya Kaufmann na kukamilika 1937. Familia ilitarajia nyumba itakayoyatazama maporomoko ya maji. Wright akaiweka juu ya maporomoko yenyewe. Wengi husifu zile baraza za zege zinazoning'inia juu ya maji. Zilikuwa zikilegea mwaka hadi mwaka, na mwaka 2002 zikaimarishwa kwa nyaya za chuma zilizokazwa. Kinachonigusa mimi ni jiwe. Mbele ya meko, sebuleni, kuna mwamba uliokuwapo pale kabla ya nyumba. Haukuvunjwa wala kufunikwa. Sakafu imekuja hadi ukingoni mwake ikakoma, nao umeachwa utokeze ndani ya chumba watu wakipashia moto miili yao kando yake.

Kisha iko ile ya Edith Farnsworth, daktari wa Chicago, iliyosanifiwa na Ludwig Mies van der Rohe kando ya mto Fox, Illinois, na kukamilika mwaka 1951. Chuma cheupe na kioo pande zote, sakafu imeinuliwa kama mita 1.6 juu ya ardhi kwa sababu mto ule hufurika. Ukiiona unadhani inaelea juu ya majani. Mwaka 1954 mto uliingia ndani, ukaingia tena 1996, na tena 2008. Kiangazi joto lilijaa mle ndani, kwa kuwa sehemu za kufungua zipitishe hewa zilikuwa chache mno. Macho yangu yanaipenda nyumba hii na sitaki kujifanya haiko hivyo. Ila naamini msanifu aliyachukua mazingira yale kama picha ya kutundika ukutani, na jua na mto vikaja baadaye.

Lakini ninayemfikiria mara kwa mara ni Jørn Utzon, msanifu wa Denmark. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijenga nyumba ya familia yake, Can Lis, kwenye ukingo wa mwamba juu ya bahari katika kisiwa cha Mallorca. Alitumia jiwe la marés, jiwe la mchanga la kisiwa hicho hicho, likiwa bado na alama za msumeno uliolikata. Hakuijenga kama nyumba moja. Ni mabanda kadhaa, kila moja limegeuka kidogo kufuata ukingo wa mwamba na pembe yake ya bahari. Madirisha yamezama ndani ya kuta nene, na fremu zimefungwa upande wa nje wa jiwe, hivi kwamba aliyeketi ndani haoni fremu, anaona bahari tu. Juu ya ukuta wa sebule kuna tundu jembamba linaloruhusu mwale mmoja wa jua la alasiri uteleze kwenye jiwe kwa muda mfupi, kisha unatoweka.

Mtu aliyekisoma kiwanja kwa makini hivyo, na bado bahari ilimshinda. Mng'ao wa jua juu ya maji ulimsumbua macho mwaka baada ya mwaka, na katika miaka ya 1990 alijijengea nyingine, Can Feliz, ndani zaidi ya kisiwa, mlimani, bahari ikiwa mbali. Hilo sioni kama ni kushindwa kwa Can Lis. Naona mtu aliyekubali kuambiwa na mahali palepale alipokuwa akipapenda.

Sasa nieleze kiwanja kimoja kwa kirefu, maana ndicho kilichonifundisha kukaa.

Mwenyewe ni mwalimu mstaafu. Alikuja na picha yake: sanduku jeupe, ardhi tambarare, kioo kikubwa. Nikamuuliza kiwanja kiko vipi, akasema, "Kimelala kidogo." Kilikuwa na urefu wa mita 30 na kilishuka mita 3 kutoka juu hadi chini, na kilishukia magharibi, kwenye bonde. Nilipolisimamia bonde lile moyo ulinienda mbio. Upande ule ule, mandhari ile ile, jua lile lile.

Nilimwomba ruhusa nikae siku nzima. Akacheka, akaja na vigoda viwili. "Basi tukae wote, mwanangu. Nitakuacha vipi juani peke yako?" Alikuwa amepanga nyumba jirani miaka sita huku akikusanya pesa, na sikujua bado kwamba miaka sita ile ndiyo ilikuwa upimaji bora kuliko wowote ambao ningeufanya mimi.

Alfajiri nilisimamisha mti wa mita moja wima, nikawa naweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya saa. Ukipata kivuli cha asubuhi na cha alasiri vyenye urefu sawa, ukiunganisha ncha zake kwa kamba, kamba hiyo inalala mashariki na magharibi halisi. Dira ya simu hupotoshwa na nondo na magari. Kwenye pembe nne nilichomeka fito zenye vipande vya plastiki vyepesi. Asubuhi vilining'inia tu. Kuanzia saa tano vikaanza kuinuka, vyote vikielekea mashariki: upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Mwalimu akasema usiku hugeuka, baridi inashuka kutoka juu. Ndivyo miteremko ilivyo. Mchana ardhi ya mlimani hupata joto na kuivuta hewa juu, usiku hupoa, na hewa nzito hutiririka kurudi bondeni kama maji.

Na maji yenyewe? Nilikuwa natafuta njia yake kwenye ramani ya upimaji. Mwalimu akaninyanyua, akanipeleka karibu na mpaka wa kushoto, akaonyesha kwa kidole. Kama usingeambiwa ungepita. Kulikuwa na mstari wa mchanga mweupe, upana wa viganja viwili, mlaini kama uliochekechwa. Majani pande zote mbili yalikuwa yamelala, ncha zake zote zikielekea chini. Kwenye shina la kichaka kimoja takataka ndogo ndogo zilikuwa zimekwama, vijiti na ganda la mbegu, kimo cha kifundo cha mguu. "Mvua ya usiku mmoja tu," akasema, "asubuhi unakuta mchanga mpya." Mstari ule ulikuwa unapita katikati ya mahali ambapo, kwa picha ya simu, pangekuwa chumba chake cha kulala.

Fundi alikuja mchana na mpira wake wa kupimia usawa wa ardhi, mwembamba, unaopitisha mwanga, umejaa maji. Wengi wananunua mashine za miale siku hizi, na ni nzuri, lakini napenda kuona mpira. Mtu mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, maji yanatikisika, yanatulia, na yakitulia yako sawa pande zote. Hakuna wa kubishana nayo. Kati ya mstari wa ukuta wa juu na wa chini, umbali wa mita 12, tofauti ilikuwa mita 1.2.

Fundi alitaka tusawazishe: tukate juu, tujaze chini, tupate jamvi moja la zege. Ndivyo inavyofanyika kila mahali, na namwelewa, kwa kuwa kwenye tambarare kazi inakwenda haraka. Lakini ukikata unahitaji ukuta wa kuzuia udongo upande wa juu na njia ya kutoa maji yanayosukuma nyuma yake, na kifusi ulichojaza chini huendelea kujipanga na kushuka miaka kadhaa, nacho ndicho kinachobeba nusu ya nyumba yako. Nyufa nyingi nilizoitwa kuziangalia zilianzia pale ardhi iliyokatwa inapokutana na iliyojazwa.

Tuliigawa nyumba ngazi mbili. Juu kuna mlango mkuu, jiko, vyumba vya kulala na bafu, vyote sakafu moja, kwa kuwa magoti ya mwalimu hayatakuwa haya haya baada ya miaka kumi. Chini, sentimita 60 pungufu, ni sebule na baraza. Zinaunganishwa kwa ngazi nne za sentimita 15, na nje kando ya ukuta, chini ya upenu, kuna njia ya mteremko wa 1 kwa 12, urefu wa mita 7.2, ya kupitisha kiti cha magurudumu ikibidi. Ardhi haikubadilika sana. Nyumba yote ilisogea kulia mita tatu kuupisha mstari wa mchanga, ambao sasa ni mtaro ulio wazi wa mawe, na mvua ikinyesha unasikia ukifanya kazi.

Kusogea huko kulitupeleka karibu na mti mkubwa uliokuwa chini ya kiwanja. Fundi alishauri ukatwe, akihofia mizizi. Hofu yake ina msingi, maana mizizi huenda mbali na hunywa maji ya udongo, na udongo wa mfinyanzi ukikauka hunywea, ukilowa huvimba. Tulichimba shimo la kina cha mita moja na nusu tukatazama: ardhi ya kichanga, haivimbi. Mti ukabaki. Nilikuwa nimekwisha kuangalia kokoto zangu na kivuli chake, na nilijua kwamba kuanzia saa kumi na nusu mti ule unasimama kati ya jua na sebule.

Dirisha lenyewe lilinichukua wiki mbili. Nilirudi kwenye swali rahisi: mwalimu atalitazama bonde akiwa ameketi au amesimama? Ameketi, akasema, anakunywa chai. Macho ya mtu aliyeketi yako kama mita 1.15 kutoka sakafuni. Basi dirisha likaanzia sentimita 75, likaishia mita 1.35, na upana wake ni mita 3. Ni ufa mrefu uliolala, na bonde lote linaingia humo. Mbele yake baraza yenye kina cha mita 2.6, ukingo wa paa ukishushwa hadi mita 2.1. Kwa hesabu zangu jua la saa kumi lingegonga ukuta sentimita 60 kutoka sakafuni, chini ya dirisha. Baada ya hapo kazi ni ya mti. Chini ya kioo kuna luva za mbao za kuingiza upepo wa bondeni, na juu kabisa, ukuta wa mashariki wa ngazi ya juu, madirisha madogo ya kuutoa, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Upepo usiokuwa na pa kutokea hauingii. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu ni kama chupa, uliweke kubwa kiasi gani.

Luva zinamtaka mwenyeji ashughulike nazo, kufungua asubuhi, kubana mvua ikija. Wapo wasiotaka kazi hiyo na sitawalazimisha. Glenn Murcutt, msanifu wa Australia aliyepewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu, mwaka 2002, amejenga nyumba za namna hii maisha yake yote. Ile ya Marie Short karibu na Kempsey, New South Wales, ya mwaka 1975, ni banda refu jembamba la mbao na mabati lililoinuliwa juu ya nguzo, kuta zake zimejaa luva, na mwenye kuishi humo huzigeuza kama nahodha anavyoshughulika na tanga. Baadaye Murcutt aliinunua yeye mwenyewe.

Nimezungumza sana juu ya bonde na upepo, na najua wengi wenu mna kiwanja kilichobanwa kati ya kuta za watu. Huko nako ni mahali. Msanifu Tadao Ando alijenga nyumba ndogo ya Azuma, Osaka, Japani, mwaka 1976, kwenye ukanda mwembamba kati ya majirani. Barabarani ni ukuta wa zege usio na dirisha hata moja, ila mlango. Katikati, theluthi ya nyumba imeachwa wazi kwa mbingu, na mwanga na hewa yote hutoka humo. Kutoka chumbani kwenda msalani mvua ikinyesha unalowa, jambo ambalo mimi nisingemfanyia mteja, lakini uamuzi wa kuuweka ua katikati ni sahihi kabisa. Kama nje hakuna cha kutazama, fungua juu.

Majirani nao ni sehemu ya kiwanja. Paa la mita za mraba 180 likipata mvua ya milimita 40 linakusanya lita 7,200. Zinakwenda wapi? Nimeona ramani nzuri sana ambazo zinaishia kwenye mpaka kana kwamba maji nayo yanasoma mipaka. Huwa nachora hadi nyumba tatu za jirani, madirisha yao yako wapi, bafu lao liko wapi, ghorofa nikiongeza kivuli chake kitamwangukia nani na saa ngapi.

Na watu ni zaidi ya madirisha yao. Msanifu Hassan Fathy, katika miaka ya 1940, alijenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor, Misri, kwa matofali ya udongo wa pale pale, kuba zilizojengwa bila mbao, nyua zenye kivuli. Kwa joto na kwa udongo sijui kama kuna aliyejibu vizuri kuliko yeye. Lakini waliokusudiwa kuhamia, watu wa Gourna ya zamani walioishi juu ya makaburi ya kale na kupata riziki yao hapo, wengi hawakutaka kuhama, na kijiji hakikumalizika. Huwa nakumbuka hilo kila ninapojiona nimekielewa kiwanja kwa fito na kokoto zangu. Bila mwalimu ningeujenga msingi wake juu ya mkondo wa maji.

Nilikwenda kumtembelea mwezi uliopita. Nyumba ina mwaka na nusu sasa. Luva zimepauka kidogo upande wa kusini, mtaro una kuvu la kijani, na kiti chake kiko barazani, mgongo umeelekea ukuta. Chini ya dirisha, kwenye ukuta, kulikuwa na mistari midogo ya chaki, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja umeandikwa mwezi kwa mwandiko wa ubaoni. Nikamuuliza ni nini. Akasema kila mwezi, saa kumi kamili, huweka alama mahali jua linapofika.

Nilitoa futi kamba. Mistari mingi ilikuwa kati ya sentimita 55 na 70. Mmoja, wa juu kabisa, ulikuwa sentimita 81, yaani sentimita 6 juu ya kizingiti cha chini cha dirisha.

"Huo ndio wa mwezi huu," akasema. "Limeniingilia ndani, mwanangu. Sijui umekosea wewe au nimekosea mimi."

Ilikuwa saa tisa na robo. Akaleta vile vigoda viwili, tukakaa kungoja saa kumi.